Nuru ya Dereva Abdulatif

Sijifichi, nasema mapema: habari ya nuru niliieneza mimi mwenyewe. Watu wa Kitui wakiisimulia leo husema ati mama mkwe wangu, Bi Mwanamkasi, ndiye aliyeipeleka mtaani. Uongo mtupu. Bi Mwanamkasi, Mungu amrehemu, aliona haya hata kuomba chumvi kwa jirani. Mdomo ulikuwa wangu mimi Hasina, na mdomo wangu mnaujua.

Ilikuwa mwaka wa sabini na saba, Ramadhani imeingia kumi la mwisho. Mume wangu Abdulatif alikuwa dereva wa basi la usiku, lile la kijani lililotoka Kitui baada ya isha, likapita Mutomo na Ikutha, likatokea Kibwezi, na alfajiri likawa Emali na wachuuzi wake wa kuku na ndengu. Miaka kumi na tisa alikuwa kwenye usukani. Usiku ule hakuwa na safari. Tulikaa uani, mimi nakanda unga wa mandazi ya daku, taa ya chemli nimeitua juu ya kinu kilichopinduliwa. Mara Abdulatif akaitazama ile taa mpaka nikadhani mdudu ameingia ndani.

"Mama Mishi," akasema kwa sauti ya chini, "wewe huoni?"

"Nini?"

"Taa imezungukwa na duara. Ndani samawati, kisha kijani, kisha manjano, na nje kabisa nyekundu. Limesimama tu. Halitingishiki."

Nikatazama. Niliona chemli inayotaka kusafishwa. Lakini nilipomgeukia yeye, jamani, nilisisimka mwili mzima. Machozi yalikuwa yakimtiririka, naye ni mtu ambaye hakulia hata siku ya kumzika baba yake. Usiku wa kumi la mwisho, mtu amefunga, ameswali, anaona mwangaza ambao mimi siuoni. Nyinyi mngefikiri nini? Nilisema Subhanallah, nikauacha unga, nikakaa karibu naye. Tulikaa hivyo mpaka mafuta ya taa yakaisha.

Kufika asubuhi nilikuwa nimewaambia majirani watatu. Kufika sikukuu, mtaa mzima ulijua.

Na haikuisha na Ramadhani. Kila taa aliyoitazama ilikuwa na duara lake: taa ya bucha, taa za malori, hata mwezi wenyewe. Abdulatif akawa mtu mwingine. Zamani alikuwa akitukana mpaka gia, sasa amekuwa mpole, anacheka peke yake. Akina mama wakaanza kuja na watoto wagonjwa, wanataka awaombee dua. Alikataa mwanzoni, akisema yeye ni dereva tu, lakini walipozidi kuja akawa anawashika watoto vichwa na kuwaombea, basi. Mabasi ya usiku yalikuwa mawili. Lile lingine likaanza kuondoka na viti vitupu, maana nani ataacha kupanda na mtu wa nuru? Hata Wakamba wa makanisani walimpanda yeye. Mimi nami nilipita sokoni na leso mpya, shingo juu. Nilijiona mke wa mtu aliyeoneshwa kitu.

Mambo mengine niliyaona, nikayapuuza. Alikanyaga vifaranga uani. Alimimina chai nje ya kikombe akasema amechoka. Alipishana na kaka yangu Salim barabarani, asimsalimu, na Salim akanuna wiki nzima. Nikamgombeza, nikamwambia nuru imempanda kichwani. Alinitazama tu na kutabasamu, na yale macho yake yalikuwa yameanza kuwa na kiwingu cheupe katikati. Kile kiwingu nacho nilidhani ni nuru.

Mwezi wa tatu mwaka uliofuata nikasema, lazima na mimi nipande basi hilo. Sababu yangu ilikuwa ya kijinga, lakini ndiyo hiyo: nilitaka kuiona nuru. Nilijiambia labda hapa uani kuna makelele mengi. Labda huko porini, kwenye giza la Ikutha, nikikaa karibu na yeye, Mungu atanionjesha kidogo. Nikatia udhu, nikavaa buibui, nikapanda.

Viti vya mbele karibu na dereva vilikuwa na wanawake watatu wachuuzi, kila mmoja na mahali pake. Aliyekaa katikati ni Kaluki, muuza kuku, mzaliwa wa Kilungu aliyeolewa Mutomo, mtu wa wokovu, mnene na mwenye sauti. Alinisogezea nafasi, lakini nikaona hajafurahi kuniona. Mlangoni alisimama makanga, Mulei, nusu mwili ndani, nusu nje.

Tukaondoka. Taa za mji zilipokwisha, na kubaki vumbi na giza na taa zetu mbili za mbele, Kaluki akaanza maongezi.

"Ile punda ya mzee Ndululu iko hapo mbele," akasema kwa sauti kubwa, amemgeukia mwenzake. "Upande ya kushoto."

"Ndio," mwenzake akajibu. "Na imevuta mkokoteni. Imebeba maji."

Abdulatif akapinda kulia kidogo. Tukaupita mkokoteni.

"Sasa hapa ndio ile kona ya mawe," Kaluki akaendelea. "Inaenda kulia. Hata mwaka jana ilikuwa inaenda kulia."

"Kulia sana," akasema wa tatu.

Abdulatif akapinda kulia sana.

Kwanza nilitaka kucheka. Nikasema moyoni, lo, hawa wanawake hawana habari nyingine? Kisha nikamsikia Mulei. Mnajua makanga wanavyopiga bodi ya basi: kibao kimoja simama, viwili twende. Huyu alikuwa na vibao vingine. Basi likisogea ukingoni kushoto, alipigapiga kwa kiganja, polepole, na hakuacha mpaka liliporudi katikati. Nikageuka nyuma. Watu hamsini na kitu, saa nne usiku, na hakuna aliyelala hata mmoja. Wote wamenyoosha shingo wanatazama barabara. Mzee mmoja kiti cha tatu alikohoa, Kaluki akaangalia mbele haraka, akasema, "Ni kama kuna mbuzi," na breki ikakanyagwa.

Basi lile lilikuwa likiendeshwa kwa midomo. Lilikuwa likiendeshwa na watu wote isipokuwa mume wangu.

"Kaluki," nikamnong'oneza, "mnafanya nini?"

"Tunaongea tu, mama."

"Wallahi nitapiga kelele sasa hivi. Mnafanya nini?"

Akaniinamia mpaka nikasikia joto la pumzi yake sikioni. "Dereva haoni. Kutoka Krismasi haoni usiku. Sisi tunamsaidia."

"Na hamkumwambia? Miezi mitatu?"

"Tutamwambiaje? Huyu ni mtu ya Mungu. Tutamwambia ati haoni, na yeye anaona kitu sisi hatuoni?" Akakaza leso yake. "Na ni wewe ulituambia, mama."

Niliwaonea hasira ya kuwameza wazima, na papo hapo nikainamisha kichwa kwa ile heshima yao. Watu hamsini, usiku baada ya usiku, wametia roho zao rehani ili mtu asiaibike. Sikuwahi kuona kitu kama kile, na kiliniogopesha kuliko giza lenyewe. Nikaamua tukifika Emali nitamwambia. Nilisema Emali. Sikusema pale pale, na hilo ndilo ninalojilaumu.

Tulikuwa tumeipita Ikutha lori lilipotokea mbele, taa zote fulu. Abdulatif akaondoa mguu kwenye mafuta. Uso wake ukawaka.

"Mama Mishi, tazama!" akasema. "Tazama leo! Limejaza barabara nzima!"

Nikamtazama yeye. Naapa, tangu aje kuniposa kwa baba yangu sikuwahi kumwona amependeza vile. Kwa kweli nilitamani na mimi nilione. Na kwa sababu ile taa ilitupiga sote machoni, Kaluki alinyamaza, na wenzake wakanyamaza, na Mulei akafunika uso kwa mkono. Basi likaenda peke yake bila mdomo wa mtu. Lori likapita, vumbi likafunguka, na mbele yetu, katikati kabisa ya taa zetu, alikuwa mtu anasukuma baiskeli.

"Mtu! Baba Mishi, mtu!"

"Mtu gani? Wapi?"

Yuko pale, hatua kumi, mwangaza umempiga mgongoni, na mume wangu anauliza wapi. Sikungoja. Niliurukia usukani, nikauvuta kwangu kwa uzito wangu wote, na siku ile nilimshukuru Mungu kwa uzito wangu. Basi likayumba, likaingia mchangani upande wa pili, likalala kidogo na kusimama. Matenga ya kuku yakaporomoka. Watu walilia kwa lugha zote wanazozijua.

Hakuumia mtu. Mwenye baiskeli alikuwa Mzee Kivuva, mkulima wa pale pale, anarudi kutoka maombi ya kanisani kwao. Baiskeli yake tulikuwa tumeikanyaga gurudumu la nyuma. Yeye alikuwa amesimama mbele ya taa ya kushoto ya basi, Biblia imebanwa kwapani.

Abdulatif akashuka. Akaja mpaka mbele ya zile taa, akasimama kama mita mbili kutoka kwa Kivuva, akageuza kichwa huku na huku.

"Yuko wapi huyo mtu?" akauliza.

Abiria wote walikuwa wameshuka, wamesimama pale, na hakuna aliyeweza kumtazama mwenzake.

"Niko hapa," Kivuva akasema.

Abdulatif akaifuata ile sauti. Akanyoosha mkono, akapapasa hewa, akagusa kifua cha yule mzee. Akauacha mkono pale kwa muda, anausikiliza moyo wa mtu unavyokimbia.

Sasa nikapandwa na mori. Woga wote ukageuka hasira. "Huoni!" nikampigia kelele. "Huoni, Abdulatif! Umepofuka!" Sijawahi kumwita kwa jina lake mbele za watu, kabla ya siku ile wala baadaye.

"Naona," akasema taratibu. "Naona kile ambacho nyinyi hamkioni."

Hapo ndipo Kaluki alipotoka kwenye kundi, leso imemwanguka mabegani, analia. "Dereva," akasema, "unisamehe. Ndani ni samawati?"

"Ndiyo."

"Halafu kijani, halafu manjano, na nyekundu inazunguka nje?"

Abdulatif akamgeukia upesi. "Wewe pia unaliona?"

"Si mimi. Mama yangu, kule Kilungu. Alikuwa anaona kwa taa na kwa mwezi. Miaka miwili. Alikuwa anatuita tukuje tuone. Halafu siku moja hakuona taa, na hakuona moto, na alikufa bila kuona watoto yangu." Akajifuta pua. "Na mama hakuwa mtu ya kuomba, dereva. Hata kanisa alikuwa anaenda tu Krismasi."

Mtu mmoja nyuma alicheka kwa kujisahau. Abdulatif alirudi nyuma akiupapasa ubavu wa basi, akakaa kwenye ngazi ya mlango. Hakukuwa na dereva mwingine, kwa hiyo sote tulikaa pale mchangani mpaka asubuhi, kuku wanalia, na hakuna abiria hata mmoja aliyelalamika. Mzee Kivuva naye hakwenda kwake. Alikaa chini karibu na miguu ya mume wangu, na kila mara alisema, "Niko hapa," ingawa hakuulizwa.

Basi, ilikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari wa macho alikuwa akija Kitui kila baada ya miezi mitatu na gari lake la vifaa, na foleni yake ilizunguka hospitali. Alituambia taa haina duara lolote. Ukungu ulio ndani ya jicho ndio unaoutawanya mwanga. Alilisema hilo kwa upole, na Abdulatif alilisikiliza ameinamisha kichwa. Kwenye benchi ya kungojea walikuwa wazee wa Kikamba kumi na wawili. Nikawauliza mmoja mmoja, maana mimi siwezi kukaa kimya. Saba walikuwa wameliona duara.

Walimpasua jicho moja kwanza, akiwa macho, limeganzishwa lenyewe tu. Muuguzi akanionesha kile walichokitoa, kwenye kisahani. Kilikuwa kijipunje cha kijivu, kadiri ya haragwe dogo lililochemshwa likapondeka. Nikakitazama, nikakitazama tena. Hiki ndicho akina mama walikiletea watoto waguswe. Hiki ndicho nilichotembea nacho sokoni shingo juu. Nilicheka, kisha nikalia, na yule muuguzi akanishika mkono akidhani nimezidiwa kwa kuona damu.

Akapewa miwani mizito kama vitako vya chupa. Siku ya kwanza nyumbani alizunguka uani anashika kila kitu: majani ya mpapai, nyufa za ukuta, mistari ya leso yangu. Alisoma maandishi ya leso kwa sauti, neno kwa neno. Alinitazama mimi muda mrefu kabisa. "Mama Mishi," akasema, "una mvi." Nikamwambia, "Na wewe una kitambi, hukukiona?" Tulicheka mpaka Bi Mwanamkasi akatoka ndani kuuliza kuna nini.

Lakini wiki ya sita akasema, narudi kazini. Daktari alikuwa amemkataza wazi: na miwani ile vitu vinaruka kutoka pembeni, mchana ni shida, usiku ni marufuku. Akamwambia angoje mwaka kwanza, jicho la pili lipasuliwe, ndipo wazungumze. Wapi! Abdulatif alisema amepewa macho mapya na Mungu na hatayalaza kitandani. Mwenye basi alimtaka, kwa sababu abiria walikuwa bado wanamwulizia. Nilimsihi, nikamtukana, nikanuna, nikapika vibaya siku tatu mfululizo. Hakusikia. Mwisho nikasema, "Sawa. Lakini kwenda, utapanda kama abiria. Usiku mmoja tu. Ukifika Emali fanya utakalo." Akakubali, ili aipate nafasi ya kulala, na Mulei akaambiwa amkabidhi ufunguo Emali, aanze safari ya kurudi.

Hakulala. Nilimkalisha mbele, kati yangu na Kaluki. Usukani ulishikwa na Rashid, kijana wa Mwingi aliyekuwa amewekwa mahali pake. Taa za mji zikaisha. Nikamwona Abdulatif anaisogeza miwani puani, anainama mbele mpaka paji la uso linakaribia kioo.

"Nani hawa?" akauliza.

Nikatazama. Sikuona kitu cha ajabu. Kando ya barabara mwanamke alikuwa anatembea na debe la maji kichwani, mtoto mgongoni. Nyuma yake wazee wawili wameshikana mikono. Kisha mtu na mbuzi wake. Kisha wasichana wanne, mstari mmoja, wametoka kisimani, wamejificha macho kwa viganja kwa sababu ya taa zetu. Tukawapita. Wakatokea wengine.

"Nani hawa, Kaluki? Kuna msiba?"

"Hapana, dereva. Ni watu tu. Wanaenda kwao."

"Wote hawa?"

"Maji iko mbali. Na jua ni kali, wanatembea usiku."

Kila pale taa zilipofika walikuwapo. Mwanamume amelala usingizi juu ya gunia pembeni kabisa, miguu imeingia barabarani, na Rashid akamzunguka. Mama anamfunga mtoto kamba ya kiatu, ameinama, mgongo wake umeelekea kwetu. Barabara ile aliyoipita miezi ile yote, akatuambia giza na nuru tu ndivyo vilivyomo, ilikuwa imejaa watu toka mwanzo hadi mwisho. Hata mimi, niliyewaona maisha yangu yote, usiku ule niliwaona kwa macho yake na nikaogopa wingi wao.

"Walikuwa hapa siku zile zote?" akauliza.

"Kila siku, dereva," Kaluki akajibu polepole.

"Mulei. Hapa nilikuwa naenda spidi ngapi?"

Mulei alitazama viatu vyake. "Hamsini. Ukiona taa nzuri ukafurahi, unafika sitini."

Abdulatif akanyoosha mkono juu yangu, akafungua kioo cha dirisha. Akatoa kichwa nje, na kila mtu tuliyempita akamsalimu. Salama mama. Salama mzee. Salama watoto. Wengine waliitikia, wengine walishtuka. Sauti ilimkauka kabla ya Ikutha, akaendelea hivyo hivyo kwa kunong'ona, vumbi limemjaa kwenye miwani, mpaka tukatokea Kibwezi.

Alfajiri, Emali, wachuuzi wanashusha matenga, Mulei akamletea ufunguo kama walivyokubaliana. Abdulatif akaweka mikono yote miwili mgongoni.

"Miezi sita nimewapita wale watu," akaniambia. "Na nilikuwa nafurahi, Hasina. Nilikuwa nafurahi."